Pikapu ya kabureta inapozima kila ukiachia mafuta

Asubuhi ya mwezi wa sita pale Uyole, Mbeya, magunia ya viazi yameshapangwa nyuma, turubai limefungwa, na dereva hathubutu kuubandua mguu kwenye pedeli ya mafuta. Akikanyaga, injini inaitika vizuri kabisa. Akiachia, inashuka, inatetemeka mara mbili tatu, inazima. Haikai sailensi, yaani haitulii ikiwaka bila mguu kwenye mafuta. Ataondoka hivyo hivyo, mguu mmoja ukihangaika kati ya breki na mafuta, na akifika mteremko wa Iwambi injini ikazima, atabaki na breki ngumu kama jiwe, kwa sababu busta, kile kifaa kinachoongeza nguvu ya breki, inaishi kwa mvuto wa injini. Baada ya kukanyaga mara moja au mbili, msaada wake umekwisha. Ndiyo maana siichukulii sailensi kama jambo la starehe.

Nina Hilux ya injini ya 22R, na ugonjwa huu ulinisumbua msimu mzima. Gereji ya kwanza ilifungua kabureta, chombo kinachochanganya petroli na hewa. Ya pili ikaifungua tena na kuchokoa jeti (vipande vya shaba vyenye vitundu vya kupitisha petroli) kwa waya. Kosa lenyewe, kama nitakavyoeleza, halikuwa ndani ya kabureta hata kidogo. Kwa hiyo mpangilio wa mwongozo huu ni wa makusudi: kabureta inafunguliwa karibu na mwisho. Ukiruka hatua utaongeza tatizo la pili juu ya la kwanza, na hapo hata fundi mzuri atapata shida kukusaidia.

Injini inakuambia nini

Ukiachia mafuta, kisahani kilicho chini ya kabureta kinafunga karibu kabisa. Hewa haipiti tena kwa wingi, kwa hiyo jeti kubwa inaacha kutoa petroli. Injini inabaki kulishwa na njia moja nyembamba: petroli inapita kwenye jeti ndogo ya sailensi, inachanganyika na hewa kidogo, inashuka kwenye kijia ndani ya kabureta, inatokea kwenye kitundu kilicho chini ya kisahani. Skrubu ya mchanganyiko ndiyo inayobana kitundu hicho.

Sasa fikiria. Gari linavuta vizuri mlimani lakini halikai sailensi. Maana yake pampu ya mafuta inafanya kazi, tangi linatoa, jeti kubwa ni nzima. Wanaobaki kushukiwa ni wachache: njia ile nyembamba imeziba, au kuna hewa ya wizi inayoingia pasipotakiwa, au injini yenyewe ni dhaifu kiasi kwamba bila kusukumwa haiwezi kujibeba. Kwa uzoefu wangu, hewa ya wizi ndiyo inayoongoza.

Kabla ya kushika spana

Egesha mahali tambarare na penye hewa, vuta handibreki, weka jiwe kwenye tairi. Ndoo ya mchanga mkavu iwe karibu. Asiwepo mwenye sigara, na usifanye kazi hii karibu na jiko la mkaa. Kisha jibu swali moja kwa ukweli: linazima wakati gani?

Likizima likiwa la baridi tu, halafu likapona likipata moto, anza na choki. Ifungue eya klina uone: injini ikiwa baridi na choki imevutwa, kile kisahani cha juu kifunge, injini ikipata moto kiwe kimesimama wima kabisa. Mara nyingi kamba imekatika au imelegea, hakuna zaidi.

Lakini kuna jambo la nyanda za juu ambalo fundi wa Pwani hawezi kulijua, kwa sababu hajaliona. Themostati, vali inayozuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Magari mengi yakiwa Dar es Salaam yanang'olewa themostati eti yasichemshe. Likipanda huku, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza na injini haipati moto wake. Petroli inabaki matone matone kwenye manifoldi (mabomba yanayogawa mchanganyiko kwa silinda) badala ya kuwa mvuke, na gari linakuwa gumu sailensi hadi saa tano asubuhi. Kama geji ya joto ya gari lako haifiki katikati hata baada ya kutoka Uyole hadi Mbalizi, rudisha themostati kwanza. Usiendelee na hatua nyingine kabla ya hapo.

La pili ni barafu. Ndiyo, barafu ndani ya kabureta. Petroli ikigeuka mvuke inanyonya joto, na ndani ya kabureta joto linaweza kushuka hata nyuzi 20 chini ya hewa ya nje. Ukiwa Isongole au njia ya Kitulo, ukungu umetanda, nyuzi 8 au 10, unyevu ule unaganda pembeni ya kisahani na kuziba kile kitundu cha sailensi. Dalili yake haifichiki: gari lilikuwa zima, baada ya dakika kumi au kumi na tano za safari likaanza kuzima ukiachia mafuta, ukisimama pembeni ukasubiri dakika kumi linawaka kana kwamba halijawahi kuugua, maana moto wa injini umeyeyusha barafu. Dawa ni lile bomba linalochukua hewa ya moto juu ya manifoldi ya ekzosi na kuipeleka kwenye eya klina. Toyota nyingi za zamani zilikuja nalo, na nyingi limeshatupwa kwa kuonekana halina kazi. Huku kwetu lina kazi. Hata la kuchongesha kwa fundi bati linafaa.

Umeme, kwa haraka

Toa plagi zote nne, zipange kwa mpangilio wa silinda zake. Rangi ya kahawia isiyokolea ni nzuri. Masizi meusi makavu ni petroli nyingi au hewa kidogo. Nyeupe iliyopauka ni hewa nyingi, na hiyo inaelekeza kwenye hewa ya wizi. Rudisha nafasi ya plagi kwenye milimita 0.8. Kwa injini za zamani zaidi zenye pointi (swichi ndogo ya kukatia umeme wa plagi), Toyota nyingi zinataka milimita 0.45, na usisahau kondensa.

Usiku, fungua boneti gizani injini ikiwaka. Ukiona cheche za buluu zikiruka kwenye waya za plagi au kifuniko cha distribyuta (kigawa umeme wa plagi), umeshapata kazi ya kufanya. Ukungu wa Rungwe unazidisha tatizo hilo.

Halafu jua kama silinda zote zinafanya kazi. Zima injini, chomoa waya wa plagi moja, uunganishe na bodi kwa plagi ya akiba ili cheche ipate pa kwenda, washa, sikiliza. Injini ikishuka, silinda ile ilikuwa inafanya kazi. Isipobadilika, umeikuta mvivu. Rudia kwa zote. Usichomoe waya injini ikiwaka kwenye 22R, kwa kuwa ina mfumo wa umeme usio na pointi na utauharibu, mbali na kupigwa shoti.

Hewa ya wizi

Hapa usiwe na haraka. Injini ikiwa sailensi, chini ya kisahani kuna mvuto mkali, na ufa wowote unavuta hewa. Injini ikikimbia, hewa hiyo ni kidogo ukilinganisha na inayopita kwenye kabureta, haina madhara. Ikiwa sailensi, inatosha kuiua.

Kipimo cha kwanza hakihitaji pesa. Toa kifuniko cha eya klina, mwenzako ashikilie mafuta kidogo injini isizime. Chukua kipande cha ubao au kadibodi ngumu, siyo kiganja chako, kwani injini inaweza kutema moto. Funika nusu ya mdomo wa kabureta polepole. Injini ikipona na kupanda, ina njaa ya petroli: ama njia ya sailensi imeziba, ama inaibiwa hewa. Ikizidi kukohoa na kutoa moshi mweusi, imeshiba petroli kupita kiasi, nenda kaangalie floti (boya linalodhibiti petroli ndani ya kabureta), choki na eya klina iliyojaa vumbi la Usangu.

Kipimo cha pili ni mipira. Ibane mmoja mmoja kwa plaiyazi yenye kitambaa: ule mnene wa busta ya breki, ule mwembamba wa distribyuta, na ule unaotoka kwenye vali ya kupumulia ya injini. Ukibana mmoja na sailensi ikabadilika kwa nguvu, umefika. Vali ya kupumulia itoe uitikise: nzima inagonga-gonga ndani, iliyokwama kimya kwa uchafu wa oili ibadilishe.

Kipimo cha tatu ni maji. Mafundi wengi hupulizia petroli au dawa ya kusafisha kabureta kwenye maungio wasikie injini ikipanda. Mimi nimekataa. Kwenye Land Cruiser ya 2F au Land Rover ya petroli, manifoldi ya hewa imelala juu ya ya ekzosi, na petroli ikidondoka pale ni moto. Tumia chupa ya kupulizia yenye maji safi. Pulizia ukungu kidogo, mahali pamoja kwa wakati mmoja: gasketi ya chini ya kabureta, kile kipande cheusi kigumu kinachoitenga kabureta na joto, maungio ya manifoldi na hedi, na ncha mbili za ekseli ya kisahani. Maji yakinyonywa, mlio wa injini utabadilika kwa sekunde moja au mbili. Rudi palepale uhakikishe.

Hilux yangu ilijibu kwenye mpira wa busta, lakini si kirahisi. Kwa macho ulikuwa mzima. Ilibidi nifike kwa mzee mmoja fundi pale Makambako.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Kabureta umeshaifungua mara ngapi?"

"Mara mbili, mzee. Gereji mbili tofauti."

"Hebu nipe mkono."

Akaushika mkono wangu, akaupeleka chini ya mpira, pale unapokunja kona kuingia kwenye manifoldi, mahali ambapo jicho halifiki. Vidole vikakuta mpira umelainika kwa oili, na ndani ya ulaini ule mdomo mwembamba kama wa kidonda cha wembe. Injini ilipotikisika, mdomo ukafunguka. "Bonyeza." Nikabonyeza kwa dole gumba. Ule mlio mdogo wa sss ambao nilikuwa nimeuzoea hadi sikuusikia tena ukakatika, na injini ikatulia mbele yetu. Alikata sentimita tatu za mwisho wa mpira, akaurudisha na klipu mpya. Kazi ya dakika kumi.

Ukiwa na geji ya mvuto, itumie, ila usiisome kwa vitabu vya watu wanaoishi usawa wa bahari. Kule injini nzima inasoma inchi 17 hadi 21 za zebaki. Kila ukipanda mita 300 hivi, inapungua karibu inchi moja. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700, kwa hiyo inchi 12 hadi 15 kwetu ni afya. Nimeona mtu ameambiwa injini yake imekufa kwa sababu ya kusoma 14. Angalia zaidi sindano: ikitulia, vizuri, ikidunda kwa mpigo ule ule, ni vali ya silinda moja, ikiwa chini sana na imetulia, ni hewa ya wizi au taimingi (wakati wa cheche) iliyochelewa.

Kitufe kidogo kinachosahaulika

Pembeni ya kabureta nyingi za Toyota kuna solenoidi, vali ndogo ya umeme, yenye waya mmoja au miwili. Kazi yake ni kufungua njia ya petroli ya sailensi ukiwasha swichi, na kuifunga ukizima. Ikifa, sailensi inakufa ghafla, gari lililokuwa zima jana. Washa swichi bila kupiga stata, chomoa waya wake na uurudishe. Usikie *tik*. Kimya? Pima waya kwa taa ya kupimia. Umeme ukiwepo na hakuna mlio, solenoidi imekufa. Umeme usipokuwepo, fuata fyuzi na waya. Wapo wanaokata kile kisindano cha mbele ili njia ibaki wazi muda wote. Itakufikisha nyumbani, lakini ukizima swichi injini inaweza kuendelea kuguguna yenyewe. Nunua mpya.

Skrubu mbili

Skrubu moja inasukuma kisahani kifunguke kidogo: hiyo ni ya mwendo. Nyingine, mara nyingi ina springi na iko chini karibu na manifoldi, ni ya mchanganyiko.

Injini iwe na moto kamili, choki wazi, taa zimezimwa, eya klina iko mahali pake. Kabla ya kugusa chochote, zima injini, funga skrubu ya mchanganyiko taratibu ukihesabu zamu mpaka iguse. Iguse tu. Ukiikaza, ncha yake inachimba kiti cha kabureta na hutaweza tena kuiseti. Andika hesabu. Kisha ifungue zamu mbili na uwashe.

Geuza nje polepole hadi mwendo uwe wa juu kabisa. Teremsha kwa skrubu ya mwendo. Rudia. Mwisho, geuza ya mchanganyiko ndani kidogo kidogo hadi injini ianze tu kushuka, kisha rekebisha mwendo ufike mizunguko 700 hadi 800 kwa dakika.

Kama ukigeuza skrubu ya mchanganyiko ndani na nje injini haina habari, simama ufikiri. Inawezekana jeti ndogo imeziba. Lakini inawezekana pia kuna mtu alishakaza skrubu ya mwendo ili gari lisizime. Kisahani kikifunguka sana, kinafunua vitundu vya juu, petroli inapita huko, na skrubu ya mchanganyiko inakosa kazi. Fungua ile ya mwendo kwanza, uone. Gari likizima pale pale, sasa ndiyo tunafungua kabureta.

Kufungua kabureta

Piga picha kwa simu kila upande kabla ya kuchomoa hata mpira mmoja. Tandaza kitambaa cheupe kwenye sinia, ili kidude kikidondoka ukione. Kama kabureta ina kidirisha cha kioo, angalia petroli injini ikiwaka: iwe katikati ya kioo. Ikiwa juu, sindano ya floti imechoka au ina uchafu.

Mwaga petroli ya ndani kwenye bakuli la kioo uiache itulie. Vitone vinavyoteleza chini bila kuchanganyika ni maji, na maji huku ni kawaida kwa anayenunua petroli ya madumu vijijini. Safisha tangi na badilisha chujio, la sivyo wiki ijayo utarudi hapo hapo.

Jeti ya sailensi ni ile ndefu nyembamba. Ifungue kwa bisibisi inayoijaa mfereji wake sawasawa, kwa kuwa ni shaba laini. Iinue dhidi ya mwanga wa jua. Unatakiwa kuona nukta ya mwanga iliyo duara kamili. Isipoonekana, iloweke kwenye dawa ya kabureta usiku kucha, kisha peleka kwa wajaza upepo waipulize kwa kompresa, pamoja na kila kijia cha bodi. Ikikataa bado, tumia uzi wa mshipi wa kuvulia. Waya wa chuma, hapana. Kitundu hicho ni karibu nusu milimita. Mkwaruzo mmoja unakibadilisha, na jeti ile iliyochokolewa kwenye Hilux yangu ilibidi niinunue upya.

Wenye Land Rover ya petroli yenye kabureta ya Zenith, angalieni sehemu ya juu inapokutana na bodi. Inapinda kwa joto na kukazwa kupita kiasi, na ule mpira mdogo wa duara uliomo unapochoka sailensi inapotea kabisa. Weka msasa laini juu ya kioo kinene, sugua uso wa kabureta kwa mzunguko hadi alama ziwe sawa kila mahali, weka mpira mpya.

Rudisha kwa gasketi mpya. Kaza nati kwa msalaba, kidogo kidogo.

Ikikataa bado

Pima tapeti, yaani nafasi ya vali. Kwa 22R, injini ikiwa na moto, vali ya kuingiza ni milimita 0.20 na ya kutoa 0.30. Vali iliyobanwa haifungi vizuri, na udhaifu wake unaonekana sailensi kabla ya mahali pengine. Kisha pima kompresheni (mgandamizo wa silinda), ukikumbuka tena urefu wetu: injini inayosoma psi 170 Dar es Salaam itasoma kama 140 Mbeya bila kuugua. Kinachotakiwa ni silinda zote zikaribiane.

Mbeya na Kyela

Hewa ya Mbeya ni nyepesi kwa asilimia kama 15 kuliko ya Pwani, kwa hiyo kabureta iliyosetiwa Dar es Salaam ikifika huku inalisha petroli nyingi kuliko hewa. Kinyume chake, pikapu iliyosetiwa Uyole ikishuka na viazi hadi Kyela, karibu na ziwa kwenye mita 500 tu, itakuwa na petroli pungufu na sailensi itatetema kidogo. Seti gari mahali linapolala siku nyingi. Kama unashinda njia hiyo kila wiki, tafuta hesabu zako mbili. Mimi zangu nimeziandika kwa rangi nyeupe chini ya boneti: zamu moja na robo tatu Mbeya, mbili kamili Kyela.